Nguo isiyo na dhuluma: mtumba, spesho au fundi? Tusaidiane

#1 BintiTandika (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Jumamosi nilikuwa soko la Karume natafuta nguo za mwanangu wa miaka minne. Nikaokota fulana ya bluu, nzito, haijachuja, nikapewa kwa buku mbili. Nilipokuwa naifua ndipo nikasoma lebo. Imeshonwa Bangladesh. Maelekezo ya kufulia ni ya Kijerumani. Pembeni kuna jina la mtoto limeandikwa kwa wino usiotoka. Nikakaa na beseni langu nikiwaza: kuna mtu huko Dhaka aliishona, kuna mama Ujerumani aliandika jina la mwanawe isije ikapotea shuleni, na mimi ndiye naianika Tandika. Kote huko ilikopita, nani alilipwa sawasawa?

Mimi siyo mtakatifu. Kabatini nina gauni la spesho, yaani jipya la dukani, la Kariakoo, 35,000. Nimelivaa mara nne tu, mshono wa ubavuni umefumuka na kitambaa kimeota vipele. Yaani kila nilipolivaa nililipa 8,750. Lipo jingine la pamba nililoshonesha: kitambaa 18,000, fundi 20,000, bitana 4,000. Huu ni mwaka wa tatu nakwenda nalo kazini.

Sasa swali. Mtu wa mshahara wa kawaida anayetaka kuvaa bila kumdhulumu mwenzake na bila kujaza dampo, anunue wapi? Na msinijibu "vaa majani".

#2 Kipara_Ngoto

Vaa majani.

#3 BintiTandika

Nilijua tu utatokea.

#4 Mshona_Hoja

Dada, hilo la Dhaka lina historia yake. Tarehe 24 Aprili 2013, mji wa Savar, pembeni ya Dhaka, jengo la ghorofa nane liitwalo Rana Plaza liliporomoka. Walikufa watu 1,134, na majeruhi walizidi 2,000. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla. Benki iliyokuwa humo ikafunga, watu wake wakabaki nyumbani. Washonaji wa ghorofa za juu wakaamriwa warudi kwenye cherehani, wengine wakitishiwa mshahara wao. Nyufa walikuwa wanaziona wote, ila wa benki aliruhusiwa kuogopa.

Baada ya msiba ule vyama vya wafanyakazi viliyabana makampuni ya nguo mpaka yakasaini mkataba wa usalama wa majengo na moto, wenye nguvu ya kisheria. Makampuni zaidi ya 200 yaliingia. Viwanda vikakaguliwa, vibovu vikafungwa. Mshahara ndio bado kitendawili. Kima cha chini kilipanda Desemba 2023 kutoka taka 8,000 hadi taka 12,500 kwa mwezi (taka ni sarafu yao, Kipara usianze). Vyama vilikuwa vinadai 23,000, na kwenye maandamano yale watu walikufa.

Kwa hiyo ukiniuliza kama ususie kila kilichoandikwa Bangladesh, nitakwambia usisusie. Washonaji wenyewe hawakuomba wasusiwe. Waliomba jengo lisiwaangukie na pesa ya kula.

#5 Kizimba_Saba

Naomba niseme kama mwenye kizimba, mwaka wa kumi na moja huu.

Mnadhani mtumba tunaokota. Belo tunanunua limefungwa, kilo 45, huruhusiwi kuchungulia. Unasoma maandishi ya juu, unamwomba Mungu, unakata kamba. Mwezi uliopita nilichukua belo la blauzi za kike kwa laki sita na nusu. Nikahesabu vipande 270. Vya moto vilikuwa 28, nikauza 10,000 kila kimoja. Vya kati 85, vikaenda kwa 3,000. Vingine 110 nikavimwaga kwenye turubai, "buku, buku, chagua mama". Vilivyobaki 47 vina madoa ya kwapa, vimechanika, viwili vina rangi ya kupakia ukuta. Pigeni hesabu: 645,000. Nimekula hasara ya buku tano kabla sijalipa kizimba, mbebaji na mlinzi. Na zile 47 nazilipia mimi gari la taka lizipeleke Pugu.

Mama yangu aliuza mtumba miaka ya tisini. Anasema zamani belo likifunguliwa wateja wanapigana, hata shati la mwisho lilikuwa na kola ngumu. Siku hizi nusu ni hivi vitambaa vya kuteleza vya kuagiza kwenye simu, ukishika ni kama mfuko wa rambo. Kimevaliwa mara mbili huko, kimeletwa kwangu nikizike.

Halafu soko letu liliungua Januari 2022, wengi tulianza upya kwa mikopo ambayo mpaka leo tunaihema. Mkijadili anayedhulumiwa, msiishie Dhaka. Njooni na Ilala.

#6 Msafiri_wa_Elbe

Kizimba_Saba, nakuomba radhi kwa niaba ya mkanda.

Niko Ujerumani. Nilifanya kazi ya kuchambua nguo ghalani kwa miezi minane. Nguo zinatoka kwenye makontena ya kando ya barabara, na wenyeji wengi wanaamini zinakwenda kugawiwa maskini bure. Sisi tunasimama pembeni ya mkanda unaotembea, kila kipande unacho kwa sekunde chache tu. Kizuri kabisa kinabaki maduka ya mtumba ya huku huku. Kinachofuata kinakwenda Ulaya Mashariki. Cha chini yake kinafungwa belo la Afrika au Asia. Kisichofaa kinakatwa matambara ya kufutia mashine au kinasagwa kuwa kijazio. Sasa, mpaka kati ya "belo la Afrika" na "tambara" ni jicho la mtu aliyesimama tangu saa nne usiku na mgongo unauma. Mara ngapi mkono wangu ulikosea, sijui. Zile 47 zako huenda kumi ni zangu.

Na tangu Januari 2025 kila nchi ya Umoja wa Ulaya inatakiwa kukusanya nguo kuukuu mbali na taka nyingine. Wazo zuri. Ila watu walielewa kwamba hata soksi iliyotoboka iende kontenani.

#7 Kizimba_Saba

Asante kwa ukweli. Ukirudi Bongo pitia kizimbani, una deni la soda.

#8 Mwana_wa_Gikomba

Sisi huku Nairobi mambo ni yale yale, majina ndiyo tofauti. Bale ikifunguliwa kuna kamera, zile safi ambazo watu wa maduka ya mjini wanakimbilia saa kumi na moja asubuhi. Mwisho kabisa kuna fagia. Ukiona zile nguo kando ya mto Nairobi zimezama kwa matope, ni zile hata fagia zilikataliwa. Na hazioziki, juu nyingi ni plastiki imevaa rangi.

Ushauri wangu kwa dada: ukitaka kumsaidia mwenye bale, usichague kamera peke yake. Chukua ya kati, peleka kwa fundi. Hizo ndizo hukaa mpaka zinakuwa takataka.

#9 Uzalendo_Kwanza

Mnazunguka tu. Pigeni marufuku mitumba yote, viwanda vyetu vifufuke. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa kinavisha nchi nzima hii! Tumekubali kuwa jalala la Wazungu kisha tunajiita wanunuzi wenye dhamiri. Aibu.

#10 Mshona_Hoja

Mkuu, hasira yako naielewa, lakini jambo hilo lilishajaribiwa. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua hadi 2019. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakashtaki kwa serikali yao, AGOA, ule mpango wa Marekani wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, ikageuzwa fimbo. Kenya ikajitoa mapema, sisi na Uganda tukalegeza. Rwanda peke yake ikakaza: ushuru ulitoka senti 20 hadi dola 2.50 kwa kilo, na Julai 2018 nguo zake zikanyimwa msamaha wa ushuru kwenye soko la Marekani. Mtumba ulipungua kweli Kigali. Pengo likajazwa kwa kiasi kikubwa na nguo mpya za bei chee kutoka China, ambazo ndizo zile zile za dada zilizofumuka ubavuni.

Na Urafiki, iliyofunguliwa 1968 kwa mkono wa China, haikuuawa na mtumba pekee. Wala Mwatex ya Mwanza, wala Mutex ya Musoma. Mitambo ilichakaa, umeme ukawa wa kubahatisha, madeni yakazidi, kisha katikati ya miaka ya themanini milango ya biashara ikafunguliwa kwa mkupuo. Waliokuwepo wanakumbuka kabla ya hapo shati lilikuwa la foleni na viraka havikuwa mtindo. Ndiyo maana nguo za "kafa Ulaya" zilipokelewa kwa mikono miwili hata na walioamini zimevuliwa maiti.

#11 Uzalendo_Kwanza

Bado nasimamia marufuku. Ila hoja ya Rwanda nimeiandika pembeni.

#12 Ng'wana_Meatu

Wote mmeongelea cherehani na belo, hakuna aliyeuliza shamba. Mimi nimekulia Meatu, mkoa wa Simiyu. Huku tunda la pamba tunaliita kitumba. Mdudu anayetumaliza anaitwa funza wa vitumba. Nilipokuwa mtoto mdogo nilidhani ndiko neno mitumba lilikotoka: kitumba kinaondoka Meatu kwa lori, kinazunguka dunia, kinarudi mtumba. Mwalimu alinicheka. Nimekuwa mtu mzima nimegundua kwamba kwa lugha nilikosea, kwa biashara sikukosea sana. Sehemu kubwa ya pamba nyuzi yetu inauzwa nje ikiwa marobota, bila kuwa hata uzi. Thamani inaongezwa huko, inarudi ikiwa na lebo.

Kuhusu dhamiri: mkisikia kwamba pamba inakunywa maji, mnaambiwa habari za kweli za sehemu fulani. Bahari ya Aral ilikaushwa na umwagiliaji wa mashamba ya pamba wakati wa Usovieti. Pamba yetu inasubiri mvua, na inachumwa kwa mkono. Mvua ikikataa, hatuna. Shida yetu sisi ni sumu. Baba alikuwa anapuliza dawa kwa bomba la mgongoni bila barakoa, upepo ukigeuka anameza yeye. Alikuwa na kikohozi cha msimu, tukazoea kukisikia kama tunavyosikia jogoo.

Wilayani kwetu kuna wakulima wa pamba hai tangu miaka ya tisini, waliounganishwa na mnunuzi kutoka Uswisi kupitia kampuni ya bioRe. Hawapulizi sumu za viwandani. Wanachanganya alizeti na pamba ili wadudu wavutwe huko, wanatumia samadi, wanabadilisha mazao. Mavuno yanaweza kushuka, hasa miaka ya kwanza, ndiyo maana bila bei ya nyongeza hakuna anayeendelea. Mjomba wangu alijiunga kwa ajili ya ile nyongeza. Baadaye akasema alibaki kwa sababu ng'ombe wake waliacha kufa baada ya kunywa maji ya bondeni.

Tatizo ni kwamba fulana ya pamba ile haiuzwi Meatu. Iko Zurich. Mimi mwenyewe sijawahi kuivaa.

#13 BintiTandika

Hiyo ya mwisho imenikaa vibaya.

#14 Mzee_wa_Cherehani

Wanangu, nimesoma uzi wote kwa miwani ya mke wangu. Nashona Mwanza tangu 1989. Ngoja niwape ya mikononi maana ya siasa mmeyamaliza.

Ukiwa kizimbani au dukani, geuza nguo nje ndani. Upande wa nje ni wa kukuuzia, ukweli uko ndani. Angalia kama mshonaji aliacha nafasi ya kuongezea. Nguo ya haraka haina nafasi, imekatwa kwa ovaloki mpaka ukingoni, ukinenepa kidogo hakuna fundi wa kukuokoa. Vuta mshono kwa vidole viwili: ukiona meno ya uzi yanachungulia, weka chini. Nguo ya mistari au drafti, tazama ubavuni kama mistari inakutana. Ikikutana, mkataji hakubana kitambaa, na huyo kwa kawaida hakubana na mengine. Zipu ya chuma inatengenezeka. Ile ya plastiki nyembamba ikifa, nguo imekufa nayo.

Kitambaa usiamini maneno. Chomoa nyuzi mbili tatu kwenye pindo la ndani, shika kwa kibano, washa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, majivu ukiyasugua yanapotea. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inabaki kipunje kigumu cheusi kinachonuka plastiki. Mchanganyiko unafanya vyote viwili. Fanya nje, mbali na belo la mtu, tusije tukaunguza soko jingine.

Sasa niseme langu. Mnaandika haki, haki. Mteja huyo huyo anakuja tarehe 23 Desemba na kitambaa, anataka ijumaa, na anataka nishushe buku tano. Kisha nguo inakaa kwangu miezi mitatu hajaifuata, amenunua nyingine. Nina gunia zima la nguo za watu humu, za tangu wakati wa Kikwete. Vijana wangu wawili wanaojifunza wanakula kwa hiyo hiyo buku tano.

#15 Kipara_Ngoto

Mzee shikamoo. Lakini na nyie mafundi "njoo kesho" mmeianza lini? Suti yangu ya harusi niliipata mtoto ana miezi miwili.

#16 Mzee_wa_Cherehani

Marahaba. Mtoto wa miezi miwili baada ya harusi, hapo aliyechelewa siyo fundi.

#17 Mwana_wa_Gikomba

Nimeanguka kwa kiti.

#18 Bi_Kidoti

Assalaam alaykum. Naona mmepita mitumba yote, khanga mmeisahau. Bibi yangu Unguja alikuwa na sanduku. Doti mpya huvaliwa harusini na matembezini, ikiwa bado ina harufu ya duka. Ikianza kulainika huwa ya nyumbani. Ikizidi, ya jikoni. Ikichakaa zaidi hukatwa winda la mtoto, maana khanga kongwe haimchubui. Mwisho ni dekio. Jina la khanga likiwa limeshafutika, sakafu ndiyo huifundisha methali. Hakuna kitu kilichotoka nyumba ile kikaitwa takataka.

Ila na mimi nina kilio. Khanga nyingi za sasa zimetiwa poliesta, hazinywi maji. Ukijifutia uso maji yanateleza. Zinang'aa dukani, lakini winda haziwi, dekio haziwi. Mtu akinunua khanga aimwagie tone la maji kwanza. Likikaa juu kama shanga, airudishe. Na mwenye duka akikasirika, basi ajue umemjua.

#19 BintiTandika

Bi_Kidoti nimecheka na nimeiandika.

Msafiri_wa_Elbe, nikuulize. Ndugu yangu aliyeko huko huniletea nguo zenye alama za kijani, jani, mti, "rafiki wa mazingira". Zinamaanisha kitu au ni mapambo?

#20 Msafiri_wa_Elbe

Neno tupu bila jina la mkaguzi ni pambo. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2024 ya kuzuia madai matupu ya aina hiyo, ya kuanza kutumika Septemba 2026. Alama za kuulizia ni chache. GOTS, cheti cha kimataifa cha nguo za nyuzi za kilimo hai: angalau asilimia 70 ya nyuzi iwe ya kilimo hai, na wanakagua rangi, maji machafu ya kiwanda na hali ya wafanyakazi. Nadhani kwa nguo ndiyo nzito kuliko zote. Fairtrade kwenye pamba: mkulima ana bei ya chini iliyolindwa na nyongeza ya kijiji. OEKO-TEX Standard 100: wanapima kama nguo iliyomalizika ina kemikali zenye madhara kwa ngozi yako. Hiyo inakulinda wewe mvaaji, aliyeshona hayumo kwenye kipimo hicho.

Na "imetengenezwa kwa plastiki iliyorejelezwa" mara nyingi ni chupa za maji. Chupa ingeweza kuwa chupa tena. Ikishakuwa fulana, safari yake inayofuata ni kwa Kizimba_Saba, na kila ikifuliwa inamwaga vinyuzi vya plastiki kwenye maji.

#21 Ng'wana_Meatu

Mwambie huyo ndugu akija alete ile ya pamba hai ya Tanzania akiiona. Nitalipia. Nataka kumvalisha mjomba.

#22 BintiTandika

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu.

Nilikwenda kizimbani kwa Kizimba_Saba (ni dada, jamani). Sikugusa za moto. Nilichagua nne kwenye zile za kati, moja ni shati la kiume la pamba, pana kama pazia. Nilipiga kiberiti nje ya soko kama mzee alivyoagiza: majivu matupu. Sikuomba punguzo. Akanikatalia kununua ya tano, akasema "hiyo kwapa lake limeoza, usiniaibishe".

Gauni la spesho lililofumuka nimelitoa bitana, kitambaa hakifai hata dekio. Nimekubali kwamba hilo ni kosa langu la 35,000. Zile programu za kuagiza nimezifuta kwenye simu, siyo kwa ucha Mungu, ni kwamba usiku nikikosa usingizi mkono unakwenda wenyewe.

Shati la pazia nimepeleka kwa fundi wa mtaani kwetu, linageuzwa magauni mawili ya mtoto wa dada yangu. Tumekubaliana 12,000, nikalipa nusu palepale na nusu kwenye simu kabla sijaondoka, asije akasema sikumwamini. Jana nilipita kuchukua.

Amesema nije kesho.